Marundo ya mawe ndani ya msitu wetu wa kijiji (Kondoa): nitajuaje kama ni makaburi ya kale bila kuyachimba?

MamaIrangi aliandika:

Habari zenu wote humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mkulima wa alizeti na uwele huku Kondoa, upande wa kaskazini kuelekea Bereko. Ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, huu mwaka wa sita. Mnivumilie, maelezo ni marefu. Nikifupisha nitajibiwa kwa kifupi, na mimi nataka jibu la kwenda nalo mkutanoni.

Ndani ya msitu wetu wa hifadhi wa kijiji, juu ya mgongo wa kilima, kuna marundo ya mawe. Ya duara. Mengi yanafika magotini, matatu yanafika kiunoni. Kubwa kuliko yote nimelizunguka kwa hatua thelathini na mbili. Juu lina bonde dogo katikati, kama mkeka uliobonyea alipolala mtu. Mti wa myombo umeota ubavuni mwake, unene wa kukumbatia kwa mikono miwili, na mizizi imeyabana mawe kama vidole.

Nayajua marundo haya tangu utoto, lakini enzi hizo hapakuwa na msitu. Wazee wa Kondoa wanakumbuka hali ya ardhi yetu ilivyokuwa: korongo juu ya korongo, udongo mwekundu unatiririka kila masika kama uji. Mwaka 1979 serikali ikatoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma). Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Namkumbuka baba anaswaga ng'ombe wetu kwenda kwa shemeji yake, nje ya mpaka, na mama amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Basi wakati ule kilima kilikuwa kitupu, na marundo ulikuwa unayaona ukiwa barabarani kabisa, kama ng'ombe waliolala. Ng'ombe walipoondoka visiki vikachipua. Leo ukiwa chini huoni kitu isipokuwa majani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipita pale kwenda kuokota kuni anachukua kijiwe, anakiweka juu ya rundo, halafu ndiyo anaendelea. Nikamuuliza, hawa ni ndugu zetu? Akasema, "Si watu wetu. Tuliwakuta." Hakuongeza neno. Alipofariki, mimi nikaendelea kuweka kijiwe, na wanangu nimewafundisha.

Sasa yaliyonileta humu ni mawili.

La kwanza, mwezi wa nane tukiwa doria tulikuta rundo moja limefumuliwa. Shimo la kina cha kifua, mawe yametupwa kila upande, mabaki ya mishumaa, betri zilizokwisha, chupa za maji. Watu wanatafuta mali za Mjerumani. Huku kwetu maneno hayo hayaishi, eti Wajerumani walipokimbia walifukia rupia na wakaweka mawe kuwa alama. Pembeni mwa shimo niliokota kipande cha chungu chenye mistari iliyochorwa kwa msumari au kitu kama hicho, nikakirudisha palepale. Kijana mmoja wa jirani naye, siku za nyuma, alishaokota huko jiwe lililochimbwa katikati kama bakuli, limevunjika nusu. Nyumbani kwao wananyweshea kuku.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Tunajenga madarasa mawili. Wajumbe wengine wamesema mawe ya msingi yako tayari kilimani, yamekusanywa na Mungu mwenyewe, kazi ni kuleta tela tu. Na baada ya kutoa mawe, ule mgongo wa kilima ugawiwe vijana walime alizeti. Sina neno baya kwa waliosema hivyo. Watoto wao na wajukuu wangu wanakaa chini darasani, na mimi mwenyewe nimebeba mchanga wa darasa hilo kichwani. Lakini nilipolala usiku ule niliwaza: kama yale ni makaburi, tutakuwa tumejenga msingi wa shule kwa kuta za nyumba ya mtu mwingine, na hayupo wa kumwomba ruhusa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni baada ya wiki tano. Swali langu: nitajuaje kama ni makaburi ya kale au ni mawe tu yaliyotolewa shambani na watu wa zamani, bila kuchimba? Na je, sheria inasemaje? Nisaidieni kwa utaratibu, nitaandika yote kwenye daftari la kamati.

---

Kifaru_wa_Busi aliandika:

Shikamoo mama. Nianze mimi kwa sababu nina la kukiri. Miaka miwili nimekuwa kwenye makundi ya kuchimba mali za Mjerumani. Tulikuwa na mashine ya kupimia madini, tulimlipa mganga, tulimlipa mtu aliyedai ana ramani ya babu yake. Kila alama aliyotuonyesha ilikuwa hivihivi, rundo la mawe au mchoro kwenye jabali au mti wenye kovu. Tumechimba mashimo kumi na moja. Hatukupata hata senti moja. Mwenzetu mmoja aliangukiwa na udongo, akavunjika nyonga, mpaka leo anatembelea gongo.

Shimo letu la nne, kwenye rundo kama hayo unayoyasema, tulikuta mifupa. Fuvu lilikuwa limelala ubavu, na magoti yamekunjwa karibu na kidevu. Kiongozi wetu alisema tuendelee chini yake, eti ameuawa ili alinde mali. Tukaendelea. Chini yake kulikuwa na udongo mgumu tu ambao haujawahi kuguswa na jembe. Mama, sura ya lile fuvu ninayo mpaka leo. Sikumbuki hata kama tuliifukia mifupa vizuri. Wewe waambie vijana kwamba Mjerumani hakuacha kitu kwenye mawe hayo, aliyekuambia hivyo alikuwa hapo na jembe.

---

Mwalimu_Mstaafu_Babati aliandika:

MamaIrangi, salaam. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na kwa bahati njema nimewahi kuwasindikiza wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa mabaki ya kale, porini mara kadhaa kama mbeba maji na mkalimani, nikajifunza kwa macho. Nitajibu kwa urefu maana umeuliza vizuri.

Kwanza nikutahadharishe: si kila rundo la mawe ni kaburi. Mfano ninaoupenda ni Engaruka, kule chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Pale kuna mashamba ya kale ya umwagiliaji, yapata kilomita 20 za mraba, yaliyolimwa takriban kati ya karne ya 15 na ya 18, na ndani yake marundo ya mawe ni mengi sana. Watafiti wa mwanzo waliyaona wakafikiri makaburi. Waliokuja baadaye wakagundua kwamba mengi ni mawe yaliyokusanywa ili jembe lipate pa kupita. Kwa hiyo wajumbe wa kijiji chako wakisema ni mawe ya shamba, wasibezwe. Linawezekana.

Lakini upande mwingine tuna Ngorongoro. Chini kabisa, ndani ya kreta, kuna marundo ambayo ni makaburi kweli. Wajerumani waliyachunguza kabla ya Vita ya Kwanza, mwanaakiolojia Louis Leakey akayarudia mwaka 1941, na mwenzake wa fani hiyo Hamo Sassoon akachimba moja miaka ya 1960. Walizikwa humo wafugaji wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, pamoja na shanga na mabakuli ya mawe. Umesoma hapo? Mabakuli ya mawe. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, Mary Leakey alichimba makaburi ya aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliozikwa na mabakuli walikuwa wanawake.

Ndiyo maana nimeshtuka uliposema kuku wananyweshewa kwenye jiwe lililochimbwa. Huenda ni jiwe la kusagia tu, hata bibi zetu walikuwa nayo, na likisagiwa miaka mingi hubonyea. Tofauti utaiona kwa vidole. Jiwe la kusagia limelainika kwa kusuguliwa upande mmoja, na chini yake ni jiwe la kawaida. Bakuli limechongwa nje na ndani, lina ukuta na mdomo. Mwombe huyo kijana akubadilishie kwa sufuria. Usilioshe, usilisugue, andika aliliokota wapi hasa, na apande na wewe akuonyeshe.

Na kama kuna anayedhani huku kwetu hapakuwa na watu wa zamani hivyo, mwambie habari za Luxmanda, hapa hapa wilaya ya Babati. Ni miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wafugaji wa kale yaliyopata kuchunguzwa Afrika Mashariki, yana umri wa miaka kama 3,000. Waliishi na ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mtu mmoja aliyezikwa pale alisomwa vinasaba, matokeo yakatangazwa 2017, ikaonekana sehemu ya mababu zake walikuwa na uhusiano na watu wa kale wa Mashariki ya Kati na sehemu nyingine wa hapa hapa Afrika. Bibi yako aliposema "tuliwakuta" alikuwa amesema neno kubwa. Sisemi ni watu walewale waliojenga marundo yako. Nasema nchi hii ilikuwa na wenyewe.

Sasa namna ya kuangalia bila kuchimba. Jambo la kwanza ni mahali. Mawe ya shamba hukaa shambani, kwenye udongo unaolimika, tena marundo huwa mengi na madogo na yametapakaa bila mpango, maana mkulima hatembei mbali na jiwe mkononi. Anayejenga kaburi la heshima huchagua mahali pa kuonekana, mgongo wa kilima au shingo ya njia. Wewe umesema ni mgongoni. Je, udongo pale ukoje? Unalimika, au ni kokoto tupu? Kama ni kokoto tupu, nani angeondoa mawe pale ili apande nini?

Jambo la pili ni ukingo. Piga magoti, usiondoe jiwe hata moja, angalia duara la chini kabisa. Kama mawe makubwa yamepangwa yanashikana kuzunguka na madogo yamejazwa katikati, huo ni ujenzi. Rundo la shambani halina ukingo, limetupwa tu. Lile bonde la juu ulilolieleza nalo lina maana. Mara nyingi hutokea pale chumba cha chini kinapoporomoka, au pale mtu alipochimba zamani na kuacha. Angalia madoa ya kijivu na ya rangi ya machungwa yanayoota juu ya mawe. Kama yamefunika mawe ya juu yote bila kukatika, hakuna aliyeyagusa kwa miaka mingi.

Kuna uwezekano wa tatu ambao watu huusahau. Mwezi Mei 1916 palipiganwa vita vikali Kondoa Irangi, jeshi la Van Deventer upande wa Waingereza na la Lettow-Vorbeck upande wa Wajerumani. Askari hujikinga kwa mawe. Lakini kinga ya askari huwa nusu duara au ukuta mfupi, iko wazi nyuma ili mtu aingie na kutoka, na inaelekea upande wa adui. Rundo lililojaa katikati halimfichi mtu. Nadhani humo ndimo ulimozaliwa uvumi wa rupia: vita vilikuwa vya kweli, mawe ni ya kweli, watu wakaunganisha.

Sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Kitu kilichojengwa au kutengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa, na kuchimba kunahitaji leseni. Hata tuta au handaki lililochimbwa zamani limo. Na anayegundua anatakiwa kutoa taarifa. Kwa hiyo mkutano wa kijiji hauna mamlaka ya kuamua kuyabomoa kabla ya wahusika kuja kuona. Mnayo ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Andikeni barua, mwenyekiti na mtendaji wasaini, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Usiende mikono mitupu, nenda na daftari.

---

Gidabasotu aliandika:

Mama yangu, shikamoo. Mimi ni Mdatoga, nimezaliwa Basotu, Hanang. Mwalimu ameeleza ya kisomi vizuri sana. Mimi nataka kueleza kaburi linavyokuwa kwa watu ambao bado wanalijua.

Sisi mzee mwenye heshima akifariki hajengewi na fundi. Tunamjengea bung'eda. Ni kilima cha udongo na samadi na miti, kinapandishwa kwa hatua, miezi na miezi, ukoo unakusanyika, majirani wanakuja, na siku ya kukamilisha watu wanatoka mbali sana. Si kila mtu anapata. Kilima kile kikisimama, hapo pana mtu. Watoto wanachunga ng'ombe wanakizunguka. Mtu mzima akipita na shida zake anasimama, anazungumza naye. Huhitaji kuandika jina, kila mtu anajua.

Sasa nikueleze niliyoyaona. Tangu miaka ya 1970 nyanda zetu zilifunguliwa mashamba makubwa ya ngano, ekari zipatazo laki moja. Matrekta yalilima yakapita juu ya bung'eda. Udongo na samadi na miti havimzuii trekta. Msimu mmoja umeshuka, msimu wa pili umekuwa kama kichuguu, msimu wa tatu ni ngano. Baba yangu alikuwa akisimama pembeni ya shamba ananionyesha kwa fimbo: pale yupo fulani, pale yupo fulani. Mimi naangalia naona ngano tu, imekaa sawa mpaka mwisho wa macho. Alikuwa anapima kwa kuangalia mlima Hanang na mti mmoja wa mgunga. Mgunga ulipokatwa, akaacha kunionyesha. Alisema, sasa sina uhakika, nisije nikakuonyesha mahali pasipo na mtu.

Mama, watu wale wa marundo yako hawana mtoto wa kusimama pembeni na fimbo. Wana wewe na kijiwe cha bibi yako. Hicho kijiwe usikidharau hata mbele ya maofisa, kiandike kwenye barua. Wamasai nao wana desturi ya kuweka jiwe kwenye kaburi la mtu mkubwa wanapopita. Rundo linaweza kuwa limekua kwa mikono ya wapita njia elfu, na wewe ukiwa mmojawao.

Kuhusu alizeti, sisi hatukupingana na ngano, watu wanakula ngano. Tulitaka tu wapite pembeni.

---

Pwani_hadi_Turku aliandika:

Dada, nakusoma nikiwa Finland, mwaka wa tisa huu, ila kwetu ni Mpwapwa. Kuna mahali panaitwa Sammallahdenmäki, si mbali na mji wa Rauma. Niliposoma habari ya msitu wako nilipakumbuka mara moja, nimefika mara mbili.

Ni marundo ya mawe, zaidi ya thelathini, ndani ya msitu wa misonobari. Yalijengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mawe ya kijivu ya granaiti, yameota yale madoa aliyosema mwalimu, kimya kabisa, unasikia upepo juu tu. Moja limejengwa bapa kama sakafu, mita kumi na sita kwa kumi na tisa, wenyewe wanaliita Sakafu ya Kanisa. Jingine ni refu kama ukuta ulioanguka. Yaliyochimbwa zamani walikuta mkaa na vipande vya mifupa iliyoungua. Dhahabu sikusikia ikitajwa. Na pamoja na hayo, mwaka 1999 mahali hapo paliingizwa Urithi wa Dunia, kundi moja na Kolo yenu. Hapana jumba wala mnara. Pana kijia, kibao cha maelezo na miti.

Kitu kilichonigusa ni hiki. Walipojenga, palikuwa ukingoni mwa bahari. Ardhi ya huku inainuka polepole tangu barafu kubwa ya zamani iyeyuke, kwa hiyo bahari imerudi nyuma kilomita nyingi na msitu ukaja ukakaa katikati. Waliojenga walitaka mtu aliye kwenye mtumbwi aone. Sasa unakaribia hatua kumi ndipo unaona. Ni kama kwako: uliyaona toka barabarani kama ng'ombe waliolala, leo majani matupu. Na wafugaji wa kale nao wasingejenga ndani ya kichaka cha mbung'o, naamini walijenga kwenye majani ya malisho, mahali pa wazi.

Nasema hili kwa sababu nilisikia mtu kule nyumbani akisema msitu wa HADO ni wa juzi, kwa hiyo hauna cha kale ndani. Huku Ulaya ya kaskazini marundo mengi yaliyobaki yamebaki ama kwa sababu jembe halikufika, ama kwa sababu sheria ilifika mapema. Denmark waliyalinda kwa sheria mwaka 1937, na bado ukitembea mashambani unaona yaliyolimwa yamebaki doa la udongo wa rangi nyingine. Ya msituni yana umbo lake. Mti una kasoro zake, mizizi inasukuma mawe, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo unang'oka na kipande cha kaburi. Huku nimeona wanaukata mti ulioota juu ya kaburi kwa msumeno, wanaacha kisiki kioze chenyewe, hawakingʼoi. Ule myombo wako usiruhusu mtu aukate kwa shoka na kuuburuta. Kama ni mzima, uacheni.

---

MamaIrangi aliandika:

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku kumi na mbili, mtandao huku hushika juu ya jiwe moja tu nyuma ya nyumba ya mchungaji, na tulikuwa tunapura uwele.

Nimewasoma wote mara mbili. Wewe uliyechimba, mwanangu, nakushukuru kwa kusema. Nilisoma ujumbe wako kwa sauti kwenye kikao cha kamati, na vijana wawili waliinamisha vichwa. Sikuwauliza kitu.

Tumepanda kilimani watu sita na kamba ya mita ishirini, fimbo niliyoichonga alama kila sentimita kumi, na simu ya mwanangu. Marundo ni ishirini na saba, siyo ishirini kama nilivyodhani maisha yangu yote. Saba yalikuwa ndani ya kichaka cha miiba ambako hatukuwahi kuingia. Kila moja tumelipa namba kwenye daftari, hatukupaka rangi wala kupigilia chochote. Tumepiga picha na fimbo ikiwa imesimama kando.

Mwalimu, nilipiga magoti kama ulivyosema. Kwenye makubwa yale matatu ukingo upo. Mawe yamesimama kwa ubavu, moja limeegemea jingine, kuzunguka lote. Nilifuata kwa kidole mpaka nikarudi nilipoanzia. Na udongo ni kokoto, hata mihogo haiwezi pale, mzee mmoja wa kamati alicheka aliposikia kuna anayetaka kupanda alizeti. Lakini yale ya mteremko wa mashariki, kama tisa, hayana ukingo kabisa, ni madogo na yako kwenye udongo mweusi mzuri. Nadhani yale ni ya jembe. Nimeandika hivyohivyo, makundi mawili, sikutaka kuyafanya yote makaburi ili nishinde mkutano.

Jiwe la kuku nimelipata. Sufuria haikutosha, ilibidi niongeze na kuku mwenyewe. Lina ukuta, unene wa kidole gumba, na nje limechongwa duara. Nimelifunga kwenye khanga, liko chini ya kitanda changu na karatasi yenye jina la mahali. Usiku wa kwanza sikulala vizuri, nilikuwa nawaza ni mkono wa nani ulilishika kabla ya wangu.

Gidabasotu, baba, habari ya mgunga nilimsomea mume wangu, akatoka nje akakaa peke yake. Baba yake naye alitolewa mahali. Nimeandika habari ya kijiwe kwenye barua, aya ya pili.

Barua imesainiwa na mwenyekiti na mtendaji, nimeipeleka Kolo mwenyewe kwa basi la asubuhi. Nimepokelewa vizuri, wameomba kuona daftari, wakakaa nalo nusu saa wakinong'onezana, na wakasema watakuja kabla ya mkutano. Mwenyekiti amekubali suala la mawe lisubiri. Kuhusu darasa, fundi ametupeleka kwenye korongo la chini ambako mvua za mwaka jana zimefunua mawe mengi, ni mbali zaidi kwa tela, safari tatu kwa siku badala ya tano. Akina mama wa kikundi chetu tumejitolea kuyakusanya kando ya njia ili tela lisipoteze muda.

Limebaki swali moja, na mwalimu ndiye nataka anijibu. Lile rundo lililofumuliwa, namba kumi na nne, tulifukie au tuache? Mvua zinaanza mwezi ujao na shimo litajaa maji. Kwa sasa tumeweka matawi juu na tumeweka zamu ya mgambo. Jumamosi tunapanda tena.

---

Mwalimu_Mstaafu_Babati aliandika:

Msirudishe mawe, maana mtaalamu akija hatajua lipi mmeliweka nyinyi na lipi lilikuwepo. Pigeni picha kila upande wa shimo, halafu tandikeni turubai au magunia ndani, mjaze mchanga laini wa mtoni mpaka usawa wa ardhi. Mchanga wa mtoni ni wa rangi nyingine, atakayefungua ataujua mara moja na atasimama anapokuta gunia. Mfereji mdogo upande wa juu uyageuze maji, lakini uwe mbali na rundo, hatua kumi na zaidi. Ile mistari ya kipande cha chungu ulichokirudisha, ilikuwa imechorwa mlalo au imekatizana?

---

MamaIrangi aliandika:

Imekatizana, mwalimu, kama wavu. Mchanga tunaanza kuubeba kesho.